Jorodom Yahitaji Udongo Ulio Hai

Katika safu hii tumezoea kuzungumza habari za kodi, shule, barabara na mwenendo wa viongozi wa matawi. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji tuzungumze juu ya kitu kidogo mno, kisichopiga kura wala kulipa ada ya uanachama, nacho ni kuvu iishiyo udongoni na kuilisha miche ya nyanya. Twajua wako watakaosema kwamba hayo ni maneno ya bwana shamba, si maneno ya Chama. Kwao jibu letu ni fupi. Mwaka 1972, kule Iringa, TANU ilitamka kwamba Siasa ni Kilimo. Haikutamka kwamba siasa ni hotuba juu ya kilimo. Mtu asiyejua kinachotendeka chini ya jembe lake hawezi kujigamba kwamba anajitawala juu yake.

Na kwa nini tuanze na Jorodom? Kwa sababu ni Jorodom na jirani zake walioonyeshwa kwa uchungu udongo una thamani gani. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Miamba dhaifu iliyokwisha kushiba maji iligeuka tope, tope likabeba mawe na magogo, likashuka mpaka Jorodom, Gendabi na mji wa Katesh. Ndugu zetu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kwa hesabu iliyotolewa na Serikali siku zile, kaya 1,150 zenye watu wapatao 5,600 ziliguswa na maafa, na ekari 750 za mashamba ziliharibiwa. Taifa zima lilisimama. Wafu walizikwa kwa heshima, majeruhi walitibiwa, na Serikali ikawajengea nyumba waliobomolewa zao.

Lakini nyumba hujengwa kwa matofali na saruji, ikaisha, ikakabidhiwa kwa funguo. Shamba halikabidhiwi kwa funguo. Hapo ndipo penye neno letu la leo. Shamba lililofunikwa na tope la mlima halikupotewa na rutuba tu, bali limepotewa na uhai wake. Na uhai huo hauletwi na lori la mbolea. Unalelewa na wanakijiji wenyewe, kwa pamoja na kwa gharama ndogo, wakifundishwa na wakikubali. Tusipolisema hili mapema, mkulima wa Jorodom atanunua mfuko juu ya mfuko, nyanya zake zitadumaa, naye ataambiwa kwamba yeye ni mvivu.

KUVU HII NI NINI?

Wengi wetu tukisikia neno kuvu hukumbuka mkate ulioharibika, mahindi yaliyooza ghalani, au ukungu unaounguza majani ya nyanya wakati wa baridi na manyunyu. Ni kweli kwamba ziko kuvu adui. Lakini hamira iumuayo maandazi ni kuvu. Iichachushayo pombe ya asali ya wazee wetu wa Kibarabaig ni kuvu. Uyoga tunaochuma baada ya mvua ni kuvu. Penisilini, dawa iliyowaokoa watu wasiohesabika, ilivumbuliwa mwaka 1928 kutokana na kuvu. Kuzihukumu kuvu zote kwa kosa la chache ni sawa na kukitoza faini kijiji kizima kwa kosa la mwizi mmoja, desturi ya mkoloni ambayo sisi tuliikataa.

Kuvu tunayoisema huitwa mikoriza. Jina hilo lilitolewa mwaka 1885 na mtaalamu wa Ujerumani, A. B. Frank, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kuvu na mzizi. Huingia ndani ya mzizi bila kuuua, kisha hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikatambaa udongoni kila upande. Na kazi ya nyuzi hizo ni kutafuta chakula.

Mzizi wa nyanya hunyonya kilicho jirani yake, milimita chache tu. Naitrojeni husafiri na maji ikaufuata mzizi ulipo. Fosforasi haina tabia hiyo. Hukaa pale pale ilipo, imeshikamana na chembe za udongo. Mzizi ukiisha kuimaliza iliyo karibu, hubaki na njaa huku chakula kingi kikiwa hatua moja mbele yake. Nyuzi za kuvu hupita pale mzizi usipofika, zikaenda sentimita kadhaa zaidi, zikarudi na fosforasi, na zinki, na maji. Mmea nao haupokei bure. Hulipa kwa sukari uliyoipika majani yakiwa juani, na kwa makadirio ya wataalamu malipo hayo huweza kufika hata sehemu 1 kati ya 5 ya sukari yote. Kuvu bila mmea hufa njaa. Mmea bila kuvu hudumaa. Huu ni ushirika uliodumu kwa zaidi ya miaka milioni 400, na hatujasikia hata mara moja kwamba mweka hazina wake ametoroka na fedha.

Kwetu Hanang jambo hili lina uzito zaidi ya mahali pengine. Mlima wetu ulizaliwa na volkano, na udongo utokanao na majivu ya volkano una tabia ya kuikamata fosforasi na kuing'ang'ania. Mkulima ananunua mbolea ya kupandia, anaitia shimoni, na sehemu yake kubwa yakamatwa na udongo kabla mche haujaionja. Fedha imetoka mfukoni, mbolea imo shambani, na mche una njaa. Mwenye kuifungua kamba hiyo kidogo kidogo ni kuvu.

MLINZI WA MIZIZI

Mbali na mikoriza, ambayo ni mchukuzi wa mizigo, iko kuvu nyingine iitwayo trikodema, ambayo ni mlinzi. Hii huishi katika udongo wenye mboji na takataka za mimea. Ikikutana na kuvu adui hujizungusha juu yake kama mtambaazi juu ya mti, huitoboa na kuila. Jambo hilo lilielezwa na mtaalamu aitwaye Weindling tangu mwaka 1932. Zaidi ya hayo, trikodema huwahi kushika nafasi kando ya mzizi ili adui akija akute pamejaa, na huuamsha mmea ujiandae kwa vita. Wakulima wa nyanya wanaujua ugonjwa wa kinyausi, ule unaoiangusha miche kitaluni ikiwa na majani mawili tu, na wanaujua mnyauko wa fuzari, ule unaoyageuza majani kuwa ya manjano upande mmoja, kisha mmea mzima ukanyauka ukiwa na matunda mabichi. Hao ndio maadui ambao trikodema hupambana nao.

Iko na ya tatu, iitwayo metarizi, nayo huwaua wadudu. Mdudu kantangaze, aliyetoka Amerika ya Kusini na kubainika nchini mwetu mwaka 2014, ameleta hasara kubwa katika mashamba ya nyanya. Watafiti wa kituo cha icipe cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Afrika Mashariki, wameonyesha kwamba aina fulani za metarizi humuua mdudu huyo. Twalitaja hili ili vijana wetu wasidhani kwamba elimu ya kuvu ni jambo la Wazungu peke yao. Elimu hiyo iko jirani, na inaandikwa na Waafrika.

TOPE HALINA MIZIZI

Sasa turudi Jorodom. Udongo wa juu, ule mweusi ambao vizazi vya Wairaqw, Wabarabaig na wengineo wameulima na kulishia mifugo, ulikuwa umejaa nyuzi na mbegu za kuvu hizi. Kila muhindi, kila mharage, kila jani la malisho lililoota juu yake lilikuwa likiilisha kuvu, na kuvu ikauandalia udongo msimu ujao. Tope lililoteremka halikutoka juu ya shamba. Lilitoka katika tumbo la mlima, mahali ambapo mizizi haikufika, na pasipo mizizi hapana mikoriza. Sehemu mbalimbali za dunia wataalamu waliochunguza ardhi iliyofunikwa na maporomoko wameliona jambo hilo hilo: kuvu huwa haba, na hurudi polepole, zikiletwa na upepo, maji, wadudu, na mizizi ya majani ya kwanza kuota.

Basi mkulima akipanda nyanya juu ya tope hilo na kutia mbolea ya duka peke yake, anampa chakula mtu aliyefungwa mikono. Hatusemi mbolea haina kazi. Kuvu haiumbi hata gramu moja ya fosforasi. Hutafuta na kuleta iliyopo, basi. Mahali ambapo hakuna kitu, mchukuzi hana mzigo. Kwa hiyo samadi yahitajika, mboji yahitajika, na fosfeti ya Minjingu, hapa hapa katika mkoa wetu wa Manyara, yahitajika. Jiwe la Minjingu, lililotokana na kinyesi cha ndege wa ziwani wa zama za kale, huyeyuka polepole, na polepole hiyo huelewana na kazi ya kuvu kuliko mbolea kali inayomwagwa kwa wingi mara moja. Maana mmea ukijazwa fosforasi nyingi iliyo tayari, huacha kulipa ushirika. Huifungia kuvu mlango, na mwaka unaofuata mkulima hana budi kununua tena.

Hapo ndipo siasa inapoingia, mtu apende asipende. Mwaka 2022 vita vya mbali na misukosuko ya biashara ya dunia vilipandisha bei ya mbolea mpaka Serikali ikalazimika kuanzisha ruzuku katika msimu wa 2022/23. Tuliishukuru, na bado twaishukuru. Lakini nchi ambayo miche yake yalia kila meli inapochelewa bandarini haijamaliza kazi ya uhuru. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituambia kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora ndio msingi. Ardhi iliyotajwa pale si uwanja mtupu wa kusimamia. Ni kitu kilicho hai, kinachoweza kulishwa na kinachoweza kuuawa.

TUSIDANGANYIKE

Kwa kuwa twasema ukweli, hatuna budi kusema na upande wake wa pili. Ziko chupa na pakiti zinazouzwa kwa sifa kubwa, zikidaiwa kuwa na kuvu za ajabu zitakazomaliza magonjwa yote na kuongeza mavuno mara mbili. Kuanzia mwaka 2009 watafiti wa IITA na wenzao walizipima bidhaa za namna hiyo zaidi ya 100 katika Kenya, Nigeria na Ethiopia. Nyingi kati yake hazikuonyesha faida yoyote ya kuaminika. Kuvu ni kiumbe hai. Pakiti iliyokaa juani dukani miezi sita yaweza kuwa kaburi, na bei yake ikawa ile ile ya kiumbe aliye hai.

Kwa hiyo mkulima auliza maswali manne kabla hajafungua mkoba. Je, bidhaa hii imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania? Imeandikwa jina la kuvu iliyomo, au yameandikwa maneno matamu tu? Tarehe ya mwisho wa matumizi ni ipi? Na imehifadhiwa wapi, kivulini au juani? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hayo, aachwe na mzigo wake.

Tena kuvu haitibu kila kitu. Mnyauko wa bakteria ukiingia shambani, ule ambao shina likikatwa na kutumbukizwa katika glasi ya maji hutoa uzi mweupe kama maziwa, hakuna kuvu ya kuuponya mmea huo. Dawa yake ni kuung'oa, kuuteketeza, na kutopanda nyanya, viazi mviringo, pilipili wala bilinganya mahali hapo kwa miaka kadhaa, maana hayo yote ni ukoo mmoja. Bakajani chelewa nayo huruka kwa upepo ikashambulia majani. Haingoji ruhusa ya mizizi. Na mkulima anayemwagia udongo dawa za ukungu ovyo kila wiki asishangae kuona mlinzi wake mwenyewe ameuawa pamoja na adui. Dawa zina mahali pake na siku zake. Hazikuumbwa ziwe maji ya kuoshea shamba.

TUANZE NA TULICHO NACHO

Habari njema ni kwamba mikoriza haihitaji kiwanda. Kijiji chaweza kuizalisha chenyewe, na njia yake ni rahisi kuliko kutengeneza jibini.

Kwanza, utafutwe udongo wa mahali penye majani ya asili yaliyokaa miaka mingi bila kulimwa, pasipowahi kupandwa nyanya wala viazi, uchimbwe pamoja na mizizi midogo, kina cha kama kiganja. Ndoo mbili au tatu zatosha. Usichukuliwe ndani ya msitu wa hifadhi wa Mlima Hanang, kwa sababu sheria ni sheria, na mlima umekwisha kutuonyesha hasira yake. Pembezoni mwa malisho ya kijiji, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji, panatosha.

Pili, udongo huo uchanganywe na mchanga safi, nusu kwa nusu, utiwe katika ndoo kuukuu zilizotobolewa chini au katika viroba. Ipandwe mbegu ya mahindi au mtama pamoja na vitunguu, mimea ambayo kuvu huipenda. Isitiwe mbolea ya kupandia, ili mimea iwe na haja ya kuitafuta kuvu. Imwagiliwe kwa miezi mitatu hadi minne.

Tatu, maji yakatwe kwa muda wa siku kumi hivi. Mimea ikinyauka, kuvu hutambua kwamba mwenyeji wake anakufa, ikatengeneza mbegu zake kwa wingi. Mashina yakatwe, mizizi ikatwekatwe vipande vidogo, ichanganywe na udongo wake na kuanikwa kivulini. Hiyo ndiyo mbegu ya kuvu. Ndoo moja ya mbegu hiyo huchanganywa na ndoo kama tisa za udongo wa kitalu, au hutiwa konzi moja katika kila shimo la mche. Ni lazima iguse mizizi. Kuimwaga juu ya ardhi ni kuitupa.

Nne, ikiisha kuingia shambani isiuawe. Maabua yasichomwe moto. Yaachwe yafunike udongo. Jembe lisipinduepindue ardhi pasipo haja, kwani kila pigo lakata nyuzi. Ardhi isiachwe uchi baada ya mavuno: zipandwe mbaazi, maharage au mahindi, ambayo huendelea kuilisha kuvu. Kabichi na sukuma wiki ni mboga nzuri mezani, lakini hazishirikiani na mikoriza hata kidogo. Shamba likikaa kabichi msimu baada ya msimu, nyanya zitakazofuata zitakuta ghala tupu. Na kama fedha za trikodema iliyosajiliwa zikipatikana, ichanganywe na mboji iliyoiva kabla ya kuipeleka kitaluni, maana huko ndiko miche hupata au hukosa afya ya maisha yake yote.

Na tano, ambalo sisi tuliofundishwa ualimu hatuwezi kuliacha: mtu asiamini kwa kuambiwa. Katika kila kitalu, nusu ya miche itiwe kuvu na nusu isitiwe. Ipandwe shamba moja, siku moja, kwa maji yale yale. Ihesabiwe iliyokufa, yapimwe matenga ya kila upande, na hesabu iandikwe ubaoni ofisi ya kijiji ambako kila mtu ataiona. Ikiwa kuvu imesaidia, tutajua. Ikiwa haikusaidia, tutajua pia, na hatutakuwa tumepoteza ila kazi kidogo na ndoo kuukuu.

SI KWA FIMBO

Yapo mambo ya zamani ambayo viongozi wetu wa leo yafaa wayakumbuke. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kuuhifadhi udongo. Lakini watu hawakuulizwa, walitozwa faini na kusukumwa, mwisho zikatokea ghasia, mwananchi mmoja akauawa, na mpango wote ukaanguka. Udongo haukuhifadhiwa, na neno matuta likawa tusi.

Linganisha na Kainam, kule Mbulu. Kwa vizazi vingi Wairaqw wa milima ile wamelima miteremko mikali bila kuiua. Ng'ombe wamefugwa nyumbani, samadi imekusanywa na kurudishwa shambani, vimetengenezwa vingazi vidogo na mifereji, na mazao yamebadilishwa kwa zamu. Hakuna askari aliyewasimamia. Walifanya hivyo kwa sababu ardhi ilikuwa yao, na watoto wao wangeila. Hawakuijua mikoriza kwa jina, lakini waliilisha kila mwaka. Tena kumbuka nyanda za Basotu, katika Hanang hii hii, ambako tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano na matrekta yakapita juu ya malisho ya Wabarabaig. Huko elimu ilikuwa nyingi na mashine zilikuwa nyingi, lakini wenye ardhi hawakuulizwa, na lawama zake zilifika mpaka mahakamani.

Somo ni moja. Elimu pasipo hiari huzaa uasi, na hiari pasipo elimu huzaa njaa. Jorodom yahitaji zote mbili pamoja.

TUNADAI NINI

Tunadai mambo manne, na tunayadai kwanza kwetu wenyewe.

Kila tawi la Chama katika vijiji vilivyopigwa na tope lianzishe kitalu kimoja cha pamoja cha nyanya, chenye ndoo za kuvu kando yake. Kiongozi wa tawi asiyeweza kuonyesha kitalu hicho asije mbele ya wanachama kuomba kura kwa hotuba.

Shule zetu zilirudishie bustani heshima yake. Elimu ya Kujitegemea iliandikwa mwaka 1967 ili shamba la shule liwe darasa, lakini mahali pengi shamba la shule limekuwa adhabu ya wachelewaji. Mtoto aliyehesabu kwa mkono wake miche iliyokufa na iliyopona ameijua hesabu na ameijua sayansi, na akirudi nyumbani atamfundisha baba yake bila kumvunjia heshima.

Halmashauri iwalete mabwana shamba kwenye miteremko, si kwenye semina za mjini tu, na iwaunganishe na wataalamu wa TARI Tengeru na wa kituo cha mboga cha dunia kilichoko Arusha. Safari ya kutoka Katesh mpaka Arusha haimalizi siku nzima. Haiwezekani elimu ichukue miaka kumi kuja. Na katika ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo ni haki ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vikundi vya vitalu vya miche vipewe nafasi sawa na vikundi vya bodaboda. Kijana anayeuza miche yenye afya ana biashara isiyokwisha mafuta.

La nne ni kwa walanguzi na kwa wanaonunua kwao. Mkulima anayefinywa bei mpaka kila tenga likauzwa kwa hasara hana subira ya kuulea udongo. Hulima cha leo na kuikamua ardhi. Basi wakulima wa nyanya wa Hanang wauze kwa umoja wao, kwa kipimo kimoja, wala wasigombanishwe mmoja mmoja barabarani. Kuvu imetuonyesha njia: uzi mmoja hukatika kwa kuguswa na kidole, lakini nyuzi zilizosukana hushika chembe za udongo zikawa donge ambalo mvua ya kawaida hailisombi.

Hatusemi kwamba kuvu ingeuzuia mlima usimeguke. Maafa yale yalikuwa makubwa kupita nguvu ya mzizi wowote, na kusema vinginevyo ni kuwadhihaki wafu. Tunasema kwamba waliobaki wana deni la kuirudisha ardhi ile mikononi mwa uhai, na kwamba deni hilo halilipwi kwa kungoja. Mvua za msimu hazingojei mkutano mkuu. Mtu ambaye ndoo zake zimejazwa udongo mwezi huu atakuwa na mbegu ya kuvu kabla ya kitalu kijacho, na ambaye bado anajadili atakuwa na majadiliano.

Wananchi wa Jorodom, chukueni majembe, chukueni ndoo, chagueni mahali pa kitalu, andikeni hesabu. Mwaka ujao tutakuja kuisoma ubaoni, na tutaichapa katika gazeti hili kama ilivyo, iwe nzuri au mbaya.